Umbo Kabla ya Uso

Juma hili nataka tuongee habari za maumbo. Usigeuze ukurasa upesi ukidhani nakurudisha kwenye hesabu za shule.

Fikiri umeketi barazani, jua latua. Kwa mbali waona mtu anakuja njiani, na jua liko nyuma yake. Uso huuoni. Rangi ya shati huioni. Amekuwa mweusi mtupu kama kivuli kilichosimama. Hata hivyo wamwita mtoto, wasema, "Toa kiti, mjomba wako anakuja." Umemjuaje? Bega moja limeshuka, kofia imekaa upande, na ile namna yake ya kukokota baiskeli huku ameinamia usukani. Umemjua kwa umbo lake. Uso wake haujafika bado, nawe umekwisha kumtolea kiti.

Basi umbo ni nini? Chora mstari mavumbini kwa kidole. Huo ni mstari tu, kama njia ya siafu. Sasa uzungushe mpaka mwisho wake ukutane na mwanzo wake. Mara pana ndani na pana nje. Hilo ndilo umbo. Wala si lazima mstari uwepo. Shamba la mpunga mbichi likiwa kando ya nyika kavu, hakuna aliyechora mpaka, lakini rangi moja inapokoma na nyingine inapoanza, jicho lapata umbo. Kanga ya mama ni vivyo hivyo. Ile korosho kubwa iliyo kwenye mji wa kanga waijua toka upande wa pili wa soko, kabla hujaweza kusoma jina lililoandikwa.

Walimu wa sanaa hugawa maumbo katika jamaa mbili. Kuna yale ya rula na bikari: mraba, duara, pembetatu. Hayo twayaona katika tofali, katika mlango, katika ukili wa mkeka. Na kuna yale yanayoota yenyewe: jani, wingu, mto, kuku aliyejikunyata kwa mvua. Huko shuleni mara nyingi somo huishia hapo, na mtoto hutoka akijua majina ya maumbo bila kujua yana kazi gani. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni hili la tatu ambalo halisemwi sana: nafasi iliyobaki nayo ni umbo. Weka mkono wako ukutani, vidole vimepanuliwa, utazame ukuta uliomo katikati ya vidole. Huo ukuta nao una sura yake. Mchoraji asiyeutazama huchora vidole kama ndizi.

Sasa nataka kuwasimulia habari za mzee mmoja Mfaransa, ambaye maumbo yalimpa kazi wakati mwili wake ulipokuwa umemkataa. Jina lake Henri Matisse.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869, kaskazini ya Ufaransa, akalelewa katika mji wa Bohain, mji wa wafumaji wa nguo. Alisomea sheria, akawa karani katika ofisi ya mwanasheria. (Makarani wenzangu, tusijidharau.) Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi akaugua tumbo, akalala siku nyingi, na mama yake akamletea sanduku la rangi apate kupitisha wakati. Tangu siku hiyo ukarani ukamshinda. Akawa mchoraji, na jina lake likajulikana ulimwenguni kote kwa ajili ya rangi zake kali.

Mwezi wa Januari 1941 alipasuliwa tumbo mjini Lyon, kwa sababu ya kansa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Watu walidhani hatapona. Alipona, hata masista waliomwuguza wakamtania kwa kumwita mfufuka. Lakini tangu hapo hakuweza tena kusimama muda mrefu mbele ya kitambaa cha kuchorea. Siku nyingi alikuwa kitandani, au katika kiti cha magurudumu.

Kuna wazee wengi katika vijiji vyetu wanaolijua jambo hilo. Fundi seremala ambaye mgongo hauwezi tena kuinamia randa. Bibi mfinyanzi ambaye magoti hayataki kupiga chini. Nyumbani wote huwahurumia, wakawaletea uji, na hakuna anayewauliza habari za kazi tena. Mzee Matisse hakukubali kuletewa uji tu. Aliwaambia wasaidizi wake wapake rangi kwenye makaratasi makubwa, karatasi hili bluu tupu, lile kijani tupu, lile manjano tupu. Kisha akashika mkasi mkubwa kama ule wa fundi cherehani, akaanza kukata. Hakuchora kwanza kwa kalamu. Alikata moja kwa moja katika rangi, karatasi likizunguka mkononi mwake: jani, samaki, nyota, ndege. Wasaidizi wakavishika vile vipande kwa pini ukutani, yeye akiwaelekeza toka kitandani: peleka juu kidogo, geuza, hapana, rudisha.

Hapo tazama vema mkasi unafanya nini. Kalamu huchora ukingo wa kitu, kisha rangi hutiwa ndani, ni kazi mbili. Mkasi hufanya ukingo na rangi kwa mara moja. Tena kila unapokata jani moja wapata maumbo mawili: jani lililo mkononi, na tundu la jani lililobaki katika karatasi. Mzee Matisse hakutupa lile tundu. Mara nyingi alilitumia nalo, akaliweka karibu na jani lenyewe, hata mtazamaji hawezi kusema lipi ni kitu na lipi ni nafasi.

Mwaka 1946, akiwa Paris, alikata mbayuwayu katika karatasi jeupe la kuandikia barua. Akaona ni vibaya kumtupa, basi akabandikwa ukutani kufunika doa lililokuwa linamchukiza mzee. Baada ya siku chache mbayuwayu akapata jirani, samaki. Kisha matumbawe, mwani, ndege wengine, mpaka ukuta wote ukajaa. Yalikuwa ni mambo aliyoyaona kule Tahiti katika bahari ya Pasifiki mwaka 1930, na yalikuwa yamelala kichwani mwake miaka kumi na sita. Doa moja tu la ukuta liliyaamsha.

Na hapa Afrika yetu inaingia. Mzee Matisse alikuwa na nguo nyingi za Wakuba wa Kasai, katika nchi ya Kongo, akazitundika kwenye kuta za chumba chake cha kazi. Nguo hizo hufumwa kwa nyuzi za mwale. Wanaume hufuma, wanawake hutia nakshi mpaka kitambaa kinakuwa laini kama mahameli. Maumbo yake ni ya pembe pembe, yanafuatana kwa mpango, kisha ghafula mpango wageuka kona moja bila kuomba ruhusa, na macho yako yanaamka. Mtoto wa mji wa wafumaji alijua thamani ya vitu hivyo. Yafaa tulijue na sisi, ambao pengine mikeka ya namna hiyo twaanikia mihogo.

Sasa nifike kwenye kanisa.

Mwaka 1942 mzee alitafuta muuguzi wa usiku, akaja msichana aitwaye Monique Bourgeois. Alimwuguza vizuri, wakapatana kama babu na mjukuu. Baadaye msichana akaingia utawa wa Kidominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Mzee hakufurahi hata kidogo, maana hakuwa mtu wa kushika dini. Lakini Sista akarudi kukaa Vence, mji mdogo wa vilimani kusini ya Ufaransa, ambako mzee naye alikuwa anakaa. Masista wa pale walikuwa wanasali mahali pa muda palipovuja mvua. Sista akamwonyesha mzee mchoro wa dirisha la kioo alioufikiri. Basi kuanzia mwisho wa 1947, mzee ambaye hakuwa mtu wa kanisani akaifanya kazi ya kanisa hilo kwa miaka minne, akipanga kila kitu: madirisha, kuta, altare, hata kasula za padre. Rafiki yake Picasso, aliyekuwa Mkomunisti, alimkasirikia. Husimuliwa kwamba alimwambia afadhali angejenga soko. Jiwe la msingi likawekwa Desemba 1949, na kanisa likabarikiwa tarehe 25 Juni 1951. Mzee mwenyewe hakuhudhuria, afya ilimzuia.

Madirisha aliyatengeneza kwa mkasi. Chumba chake huko Nice kilikuwa karibu sawa na kanisa kwa ukubwa, basi akabandika makaratasi ukutani kwa kipimo chenyewe. Mpango mmoja aliokuwa amekwisha ufanyia kazi sana ilimpasa auache. Vipande vya kioo cha rangi hushikwa pamoja kwa ukanda wa risasi, na katika mpango ule mistari hiyo ya risasi haikuwa imehesabiwa. Waona? Mstari mweusi mwembamba tu, lakini hupita katikati ya kila umbo na jirani yake, na ukiusahau maumbo yote hupotea. Alianza upya akiwa na miaka zaidi ya sabini na minane.

Mpango wa mwisho una rangi tatu tu: bluu, kijani, manjano. Nyuma ya altare ni Mti wa Uzima, na majani yake ameyafananisha na ya mpungate, ule mmea wa miiba unaoota hata penye ukame. Umbo lile lile, jani nene la mviringo lenye ukingo wa mawimbi, larudi tena na tena, dogo, kubwa, limeinama, limesimama. Hakuna majani mawili yaliyo sawa sawa, lakini yote ni ndugu. Jua likipita, rangi zaanguka sakafuni na kwenye kuta nyeupe, nazo zatembea kadiri siku inavyokwenda.

Kuta zenyewe zina vigae vyeupe, na juu yake michoro ya mistari myeusi peke yake. Alichora kwa fimbo ndefu ya mwanzi yenye kalamu ya mkaa au brashi mwishoni. Yupo Mtakatifu Dominiko, mrefu kutoka chini mpaka karibu na dari, vazi lake limeshuka kwa mistari michache minene, mkononi ana kitabu. Padre mmoja Mdominiko, Couturier, ndiye aliyesimama mbele ya mzee ili apate kumchora. Lakini uso wa Padre Couturier hauonekani, wala wa Mtakatifu Dominiko. Mahali pa uso pana umbo la yai, tupu kabisa. Bikira Maria naye hana uso, wala Mtoto Yesu mikononi mwake.

Najua mnavyosema. "Mtakatifu asiye na macho, nitamwombaje?" Si ninyi tu. Wengi waliofika Vence mwanzoni walisema hivyo hivyo, na hata wengine walisema hii ni michoro ya mtoto. Sikatai kwamba jambo hili ni gumu. Mtu aliyezoea picha ya rangi, yenye mashavu mekundu na macho yanayotazama juu, aliyoipata siku ya kipaimara akaitia katika kitabu cha sala, atauona ukuta ule kama nyumba ambayo fundi ameondoka kabla ya kumaliza.

Lakini mrudie mjomba wako pale njiani. Uso hukuuona, nawe hukuwa na shaka. Mtazame Mtoto Yesu katika mchoro ule wa Vence. Hana macho, hana mdomo. Ila mikono yake ameinyosha pande mbili, sawa sawa. Hakuna msalaba uliochorwa pale. Hata hivyo kila Mkristo anayemtazama auona msalaba, naye ni mtoto mchanga bado kwa mama yake. Mashavu mekundu yasingeweza kusema neno hilo. Umbo limelisema.

Kwa Njia ya Msalaba nitasema wazi kwamba haikunipendeza mara ya kwanza nilipoiona pichani. Vituo vyote kumi na vinne viko katika ukuta mmoja, vimetiwa namba kwa mkono, njia yaanza chini, yapanda ikipinda mpaka Msalaba ulio juu katikati. Mistari ni ya haraka, imekwaruzwa, kama mtu aliyeandika barua ya msiba. Mzee alikuwa amejizoeza sana kabla, hata aweze kuichora bila kutazama kielelezo, basi si kwamba hakuweza kuchora vizuri. Dominiko amesimama kwa utulivu kwa sababu yuko katika amani. Hapa hapana amani, na maumbo yamevunjika.

Na katika kituo cha sita, pale Veronika anapopangusa uso wa Yesu, kuna kitambaa. Katika kitambaa hicho kuna uso, wenye macho. Katika michoro yote ya kanisa lile, uso ni huo mmoja tu. Nilipolitambua jambo hilo nililiweka gazeti chini kitambo kidogo. Mzee yule aliacha nyuso zote za kuta zile tupu, na nafasi moja tu akaijaza. Kama wote wangekuwa na macho na pua, nani angeuona huo mmoja?

Kasula nazo alizikata kwa mkasi. Zikashonwa za rangi sita kufuata majira ya Kanisa: nyeupe, kijani, zambarau, nyekundu, waridi na nyeusi. Hapo palikuwa na tatizo jingine, maana kasula si ukuta. Padre huinua mikono, hugeuka, huinama, nguo hukunjika. Umbo dogo dogo lingepotea kwenye mikunjo. Kwa hiyo akaweka maumbo makubwa, machache, yenye rangi ya kushindana na kitambaa, ili hata mtu wa benchi la mwisho ayapate. Akina mama, ninyi mwalijua jambo hilo kuliko wachoraji wengi. Kanga hamwichagui ikiwa imetandazwa mezani kwa mwenye duka peke yake. Mwajifunga kwanza, mwageuka, mwaona korosho imeangukia wapi.

Mwaka 1953, akiwa na miaka themanini na mitatu, mzee alitengeneza konokono. Picha hiyo iko London, yapata meta tatu kwenda juu na karibu meta tatu kwa upana. Ukiitazama kwa karibu hakuna konokono. Kuna vipande vya karatasi vya pembe nne tu, vingine vimekatwa vibaya vibaya makusudi, kijani, bluu, chungwa, nyeusi, waridi. Rudi nyuma hatua kumi. Vipande vimepangwa kwa mzunguko unaokwenda ndani, na sasa waiona ile nyumba yake. Maumbo ya jamaa ya rula yamezaa kitu cha jamaa ya kuota.

Alifariki tarehe 3 Novemba 1954. Kansa iliyotaka kumchukua 1941 ilikuwa imempa miaka karibu kumi na minne zaidi, naye alikwisha mwandikia askofu kwamba kanisa la Vence, pamoja na kasoro zake zote, aliliona ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Sista Jacques-Marie aliishi mpaka 2005. Tangu 2011 kuna chumba katika Makumbusho ya Vatikano ambamo yale makaratasi makubwa ya madirisha na kasula yanaonyeshwa.

Watoto wakikusumbua Jumapili alasiri wakati wa mvua, wape gazeti hili ukishalisoma. Wapake mkaa ukurasa mzima mpaka uwe mweusi, kisha wakate, bila kuchora kwanza: jani la muhogo, jogoo, babu yao ameketi. Wasitie macho wala mdomo. Wabandike kwa gundi ya uji wa muhogo kwenye karatasi jeupe, upande mmoja jogoo, na upande wa pili lile tundu alimotoka jogoo. Pasipo mkasi, jani la mgomba bichi hukatika vizuri kwa ukucha. Babu aulizwe kama amejitambua. Akikataa, wakate tena, safari hii wamtazame vema mgongo na fimbo. Na mkasi urudishwe kwa mama kabla ya giza.